Kabla hujaandika namba kwenye faili: presha, pumzi na lugha yetu ya wodini

Upepo wa Juni hapa Dodoma ukianza hauna huruma, asubuhi wagonjwa wanaingia kituoni wamejifunika masweta, makoti, mashuka, na bibi mmoja wiki hii alikuja na vyote vitatu. Katoka upande wa Chamwino, kashuka daladala akatembea mpaka kwetu, kafika anahema. Nikamwamkia "mbukwenyi bibi" nikageukia mgonjwa mwingine. Kijana wetu wa mafunzo, mchapakazi kweli, akamkalisha kwenye benchi pale pale, akamfunga kafu, ule mkanda wa mashine ya presha, juu ya sweta, akabonyeza mashine. 172 kwa 98. Bibi kusikia namba akaanza kutetemeka maana mumewe alianguka kwa kiharusi, na kijana tayari ana kalamu mkononi anataka kuandika.

Nikamwambia mwanangu subiri, hiyo bado haijawa presha ya bibi.

Tulimpeleka kwanza chooni, kibofu kikijaa peke yake kinapandisha presha. Tukamhamishia kwenye kiti chenye mgongo, akaegemea, miguu yote miwili chini, hajakunja nne, mkono tukauweka juu ya meza usawa wa moyo, tukamwacha dakika 5 bila stori. Sweta tulilitoa mkono mzima, hatukulikunja, maana mkono wa nguo ukikunjwa unabana juu kama kamba na unaharibu kipimo vile vile, akajifunika khanga upande mmoja. Tukapima tena: 138 kwa 84. Bibi yule yule, mashine ile ile, hata nusu saa haijapita.

Sasa fikiria ile 172 ingeandikwa. Daktari kule ndani hakumuona bibi akihema wala hakuona sweta, yeye anaona namba yako, na dawa anaandikia namba yako. Ndiyo maana nawaambia vijana wote wanaoanza kazi hii, awe mhudumu wa afya, muuguzi au tabibu, kupima siyo kazi ya kumaliza haraka ili foleni isogee. Mtu haambiwi ana ugonjwa wa presha kwa kipimo kimoja, tunataka 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, isipokuwa kama imepanda sana au ana dalili za hatari, huyo unamuita daktari hapo hapo.

Kafu nayo ina saizi jamani. Ule mpira wa ndani unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono. Mama mwenye mkono mnene ukimfunga kafu ndogo utampa presha ambayo hana, na mkono ukining'inia chini ya moyo kwa sentimita 10 tu unaongeza karibu 8. Ukingo wa chini wa kafu ukae vidole viwili juu ya kiwiko.

Kwa mashine ya kusikiliza na stetoskopu, shika kwanza mapigo ya kifundo cha mkono, jaza upepo mpaka yapotee, ongeza 30 hapo, halafu achia taratibu, kama 2 kwa sekunde. Mlio wa kwanza wa kugonga ndio namba ya juu, sistoliki, ulipopotea kabisa ndio ya chini, dayastoliki. Milio hii aliieleza daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake, zaidi ya miaka mia na bado sikio lako ndilo linalofanya kazi. Ukiachia upepo kwa pupa utaukosa mlio wa kwanza. Na niseme kitu kingine, saa ya mashine hii imegawanywa mbili mbili: 120, 122, 124. Kwa hiyo nikiona umeandika 125/85 na umetumia mashine ya mkono, najua hujasoma, umekisia. Na wodi nzima ikiwa 120/80 najua hakuna aliyepimwa.

Ila kitu kinachodanganywa kuliko vyote ni pumzi. Hapa naongea kwa uchungu maana nilikuwa mmoja wao. Mwaka wangu wa kwanza wa mafunzo niliandika 24 kwa kila mtoto, nilikuwa nawaona wakubwa zangu wanaandika hivyo nikaona ndio utaratibu. Siku moja sista inchaji akashika faili la mtoto wa miezi 8, akaniuliza, "Umehesabu?" Nikasema ndiyo. Hakunijibu, alimfunua mtoto shati, akatoa saa mfukoni, tukasimama wote wawili tunaangalia kifua. Dakika nzima. 62. Na chini ya mbavu ngozi ilikuwa inabonyea ndani kila akivuta hewa, kitu ambacho mimi nilikuwa nimekifunika na shati. Ilikuwa nimonia, mtoto akakimbizwa kwenye oksijeni, na alipona. Sista hakunigombeza hata kidogo, alinipa tu saa yake nihesabu watoto waliobaki, wodi nzima, upya.

Basi hesabu hivi. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi, shati juu, dakika moja kamili, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne maana watoto wadogo pumzi yao haiendi sawasawa, inakimbia inasita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema anapumua haraka kama ni 60 na zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 na zaidi kuanzia miezi 2 mpaka mwaka, 40 na zaidi kuanzia mwaka mpaka miaka 5. Namba tatu tu hizo, 60, 50, 40, ziwe kichwani kama namba yako ya simu. Mtu mzima aliyetulia ni 12 mpaka 20, na yeye usimwambie unahesabu pumzi, akijua atabadilisha. Endelea kumshika mkono kama bado unapima mapigo, huku macho yako kifuani.

Vipimo vingine ni vyepesi: mapigo ni 60 mpaka 100 kwa mtu mzima, tumia vidole vya kati siyo gumba, gumba lina mapigo yake mwenyewe. Joto la kwapani futa jasho kwanza, 37.5 kwenda juu kwa mtoto ni homa. Kile kifaa cha oksijeni cha kidoleni kwa baridi hii kinasumbua, vidole vya baridi na rangi ya kucha vinakidanganya, kwa hiyo pasha mkono joto kabla hujaogopa namba.

Halafu maneno. Mgonjwa akisema "nina presha" anamaanisha imepanda, akisema "ya kushuka" mara nyingi anaongelea kizunguzungu tu, muulize anajisikiaje kabla hujaandika. Na sisi tuna yetu: BD mara mbili kwa siku, TDS mara tatu, PRN inapohitajika, STAT sasa hivi. Hayo yabaki kwenye faili. Kwenye bahasha ya dawa tunaandika 2×3, na kuna baba aliniambia maumivu yalimbana akanywa sita kwa pamoja, mbili mara tatu ni sita, shuleni ndivyo alivyofundishwa. Hakukosea yeye, tulikosea sisi tuliompa bahasha bila kumweleza. Sema viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku, kila baada ya masaa 8, halafu muombe akurudishie kwa mdomo wake, huyo baba angenirudishia tungejua pale pale dirishani.

Hata bibi nilimuomba anirudishie. 138 iko karibu na mstari, kwa hiyo tulimpa siku ya kuja kupima tena, nikamuuliza ni lini na atafanyaje akifika. Akasema Alhamisi, atapitia chooni kwanza, atakaa anyamaze, na sweta atalivua yeye mwenyewe kabla hatujamwambia.