Pleistosini si jina jingine la "kale sana"

Juzi, ufukweni hapa Mwanza, nilimsikia mwongoza wageni akiwaeleza wanafunzi kwamba Jiwe la Bismarck "ni la Pleistosini, yaani Zama za Mawe". Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kwa kuwa miamba hii ni urithi wetu wa asili, inastahili kuelezwa kwa usahihi.

Pleistosini ni kipindi cha historia ya dunia kilichoanza miaka milioni 2.58 iliyopita na kumalizika takriban miaka 11,700 iliyopita, ambapo barafu ya nchi za kaskazini ilitanda na kurudi nyuma mara kwa mara.

Utata unaanzia kwenye jina lenyewe. Mwaka 1839 mwanajiolojia Charles Lyell aliliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki, pleistos, yaani "zaidi ya vyote", na kainos, yaani "mpya". Alikuwa akichunguza makombe yaliyofukiwa katika matabaka ya ardhi na kuhesabu ni spishi ngapi kati ya hizo zingali hai, kwa hoja kwamba tabaka lenye spishi nyingi zaidi zinazoishi hadi leo ndilo jipya zaidi. Ndiyo maana Eosini ni mapambazuko ya upya, Miosini ni upya haba, Pliosini ni upya uliozidi, na Pleistosini ni upya uliopita wote hao. Anayelitumia jina hili kumaanisha "kale mno" amelipindua kabisa.

Zama za Mawe nazo ni hesabu nyingine, kwa sababu kipimo chake ni zana za binadamu, na zilikoma kwa nyakati tofauti mahali tofauti: huko Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria, watu walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakati jamii nyingine duniani zingali zikichonga mawe. Pleistosini hupimwa kwa matabaka ya ardhi, na mpaka wake ni mmoja kwa dunia nzima.

Sasa turudi kwenye jiwe. Miamba ya Mwanza ni ya itale, ambayo wengi huiita graniti, na iliganda kutoka ujiuji wa moto chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, katika eoni ya Arkea, mojawapo ya vipindi virefu vya mwanzo kabisa vya historia ya dunia. Maji yakapenya kwenye nyufa zake na kuulainisha mwamba kungali na udongo juu yake. Udongo huo ulipochukuliwa na mvua, yakabaki majabali yaliyopandana kama tunavyoyaona Saanane na Capri Point.

Mtoto halisi wa Pleistosini ni ziwa. Yapata miaka 400,000 iliyopita ardhi ya magharibi iliinuka taratibu, ikaizuia mito kama Kagera na Katonga iliyokuwa ikielekea huko, na maji yakatanda. Kabla kipindi hakijaisha, ziwa hilo hilo lilikauka, na vijizizi vya mimea vimekutwa katika udongo mgumu wa sakafu yake, mahali ambapo leo wavuvi hutupa nyavu.

Ndugu mwongozaji, siku nyingine ukisimama pale na wanafunzi, neno Pleistosini usiliache. Wageuze tu kidogo watazame maji.