Dola ya kimaendeleo si dikteta mchapakazi

Maneno "dola ya kimaendeleo" yametoka kwenye vitabu vya siasa na uchumi yakaingia redioni na kwenye majukwaa ya kampeni, na huko yamebebeshwa maana isiyo yake. Siku hizi mtu akitaka kusema kwamba nchi inahitaji mkali mmoja asiyebishiwa, atakayefunga vyama na magazeti ili barabara zijengwe, husema tunahitaji dola ya kimaendeleo kama Korea Kusini. Anamtaja Park Chung-hee, aliyekuwa mtawala wa nchi hiyo, wasikilizaji wanaitikia, na mjadala unaishia hapo.

Maana yenyewe ni fupi. Ni dola ambayo watawala wake wamefanya ujenzi wa viwanda na uzalishaji kuwa kazi yao ya kwanza, na ambayo ina watumishi na vyombo vya kuisimamia kazi hiyo hata inapowabana wenye fedha. Aliyeipa dhana hii umaarufu ni Chalmers Johnson, Mmarekani, mwaka 1982, alipoeleza jinsi wizara ya biashara na viwanda ya Japani ilivyofanya kazi. Ikumbukwe kwamba Japani iliyokua kwa kasi baada ya vita ilikuwa na bunge, vyama na uchaguzi. Kwa upande wa Afrika, mchumi wa Malawi, Thandika Mkandawire, aliwapinga kwa nguvu waliodai kwamba dola ya namna hiyo haiwezekani kwetu. Naye aliitaka iwe ya kidemokrasia.

Sasa twende Korea, maana ndiko hoja inakochakachuliwa. Park alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi Mei 1961. Alitawala kwa mabavu, hilo halina ubishi. Lakini tazama mabavu hayo yalimwangukia nani kwanza. Wafanyabiashara wakubwa walikamatwa kwa tuhuma za kujilimbikizia mali, kisha wakaachiwa kwa makubaliano kwamba watajenga viwanda. Mabenki yakawekwa mikononi mwa serikali. Mikopo ya riba nafuu ilitolewa kwa anayeuza nje, na shehena ndiyo iliyokuwa ushahidi, si undugu wala kadi ya chama. Kwa miaka mingi rais alikaa kila mwezi na mawaziri na wenye kampuni, takwimu za mauzo ya nje zikiwa mezani, bidhaa kwa bidhaa. Mwaka 1964 mauzo hayo yalifika dola milioni 100 za Marekani. Miongoni mwa bidhaa zilizowabeba miaka hiyo ni mbao za plaiwudi, nguo, na nywele za bandia, hizi hizi tunazoziona kwenye saluni zetu. Mwaka 1977 mauzo ya nje yalifika dola bilioni 10.

Halafu kuna jambo ambalo wasifiaji wa Park hawaligusi kabisa. Ardhi ilikuwa imeshagawiwa wakulima kabla yake, kwa sheria ya mwaka 1949 iliyoweka ukomo wa hekta tatu kwa mmiliki. Tabaka la makabaila ambalo lingeweza kuizuia serikali lilikuwa limeshavunjwa nguvu. Park alilikuta hilo tayari.

Na gharama ilikuwepo. Novemba 1970, fundi cherehani wa miaka 22, Jeon Tae-il, alijichoma moto mjini Seoul akidai sheria ya kazi ifuatwe. Hakuwa akidai sheria mpya. Ilikuwepo kwenye vitabu. Serikali iliyoweza kufuatilia kila shehena ya nguo ilishindwa kufuatilia saa za kazi za wasichana waliozishona. Sioni kilichoongezeka kwenye maendeleo kwa kijana yule kufa. Mwaka 1987 Wakorea waliingia barabarani wakalazimisha uchaguzi wa rais kwa kura za wananchi, na uchumi haukuporomoka. Uliendelea kukua.

Hapa ndipo penye tofauti ninayoomba watu waishike. Uwezo wa kunyamazisha watu ni kitu kimoja, na uwezo wa kutekeleza ni kingine. Cha kwanza kinahitaji askari na jela. Cha pili kinahitaji makarani wanaojua hesabu, rejista ya ardhi inayoaminika, wakusanya kodi wasionunulika, na waziri anayeweza kumnyima mkopo shemeji yake.

Mobutu wa Zaire, yaani Kongo ya leo, alikuwa na cha kwanza tele. Alitawala kuanzia 1965 hadi 1997 bila wa kumpinga kwa kura. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitakuwa mali ya Wazaire. Zikaishia kwa wakubwa na watu wao, na maduka mengi yakabaki na rafu tupu. Kule Katanga, shirika la madini la serikali, Gécamines, lililotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Uganda nako, Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, maduka na viwanda walipewa wanajeshi na marafiki zao. Wananchi wakawapachika jina: mafutamingi. Nani angemhoji mafutamingi kwa nini kiwanda kimesimama? Bunge halikuwepo, na magazeti yalikuwa yameshafundishwa kunyamaza.

Weka Botswana kando yao. Ilipata uhuru 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Almasi ilipogunduliwa Orapa mwaka 1967, ilikuwa kwenye eneo la Bamangwato, kabila la rais mwenyewe, Seretse Khama. Haki za madini zikahamishwa kutoka kwa makabila kwenda kwa serikali ya taifa, za kabila lake zikiwemo. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika kila muhula, na mwaka 1994 Botswana ilitoka kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo. Si pepo: pengo kati ya tajiri na maskini ni kubwa mno, na chama kimoja kilishinda kila mara hadi kiliposhindwa mwaka 2024 na kukabidhi madaraka kwa amani. Wanaosema iliokolewa na almasi wakumbuke kwamba Zaire nayo ilikuwa na almasi, pamoja na shaba na kobalti.

Kwa hiyo anayetamani mtawala asiyeulizwa maswali atumie jina lililopo, utawala wa mabavu, na autetee kwa jina hilo. Anayetaka dola ya kimaendeleo aanze kwa kuulizia orodha ya waliopewa misamaha ya kodi, walichoahidi kuzalisha, na wangapi walionyang'anywa msamaha walipokosa kukizalisha.