Eti wa bondeni "wamejitakia"? Hapana jamani

Juzi tena kwenye semina ya kata tunaongelea mafuriko ya bonde la Msimbazi hapa Dar, mtu kasimama kaniambia, "Mtaalamu, hawa wa bondeni wamejitakia, si walipewa viwanja Mabwepande wakavikimbia." Kila masika nalisikia hili, nimechoka, leo naliandika.

Viwanja vilitolewa kweli, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa Dar. Ila Mabwepande ni kule mwisho wa Kinondoni, njia ya Bunju, sasa mama anayechukua samaki Feri alfajiri au kijana anayebeba mizigo Kariakoo akikaa kule nauli inamalizia hela yote ya kula. Na wengi bondeni ni wapangaji, wamefuata kodi wanayoiweza.

Halafu maji yenyewe yanatoka wapi? Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu huko Kisarawe, njiani unaingiliwa na mto Ubungo na Sinza, kwa hiyo wewe wa Kimara uliyemwaga zege uwanja mzima mpaka ukutani, mvua ya kwako haina pa kuzama, inashuka yote mtaroni na baadaye iko Jangwani, bondeni. Yule wa bondeni anapokea maji ya mji mzima halafu anaambiwa kajitakia! Kuna nyumba Kigogo nilionyeshwa alama za maji ukutani, mstari juu ya mstari, wa juu kabisa unanifika kifuani, na kizingiti wamekipandisha kwa tofali mpaka unaingia kwa kuruka. Huyo ni mzembe kweli?

Eti taka zao ndo zinaziba mto. Taka zipo, ila gari la taka haliingii uchochoroni, na za huku juu nazo zinasombwa kwenda kulekule.

Eti maji ya magotini unavuka tu. Usithubutu. Maji yanayokimbia hata yakiwa chini ya goti yanamwangusha mtu mzima, na mtaro ulio wazi huuoni.

Eti yakikauka yameisha. Visima vimeshaingiliwa na vyoo, chemsha maji ya kunywa, kipindupindu ndo huwa kinafuata hapo.

Na hili nalisema kila semina: tafuta ndoo ya rangi yenye mfuniko, weka vyeti, kadi ya kliniki, dawa za mgonjwa na tochi, iwe karibu na mlango. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitangaza mvua kubwa usiku, ukitoka unatoka na watoto na ndoo, godoro liache.