Kuku wamechanjwa, mdondo umerudi: je, kirusi kimebadilika?

Nilichanja kuku wote mdondo (kideri). Mbona wamekufa?

Usianze kumlaumu kirusi. Uliza kwanza chanjo ilisafiri vipi. LaSota, chanjo ya mdondo ya kunyweshwa kuku, ni chanjo hai, yaani ina virusi vipole vilivyo hai: ikipigwa jua juu ya pikipiki, au ukiichanganya na maji ya bomba yenye klorini, kuku wamekunywa maji tu. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Lakini kirusi hubadilika kweli?

Hubadilika sana. Vinasaba vyake ni RNA yenye herufi zipatazo 15,000, na kila kinapojinakili hukosea hapa na pale bila kusahihisha. Makosa mengi hayana maana. Machache yana hatari: Australia, mwishoni mwa miaka ya 1990, kirusi kipole kilichokuwa kikiishi ndani ya kuku kilibadilika herufi mbili tu katika eneo moja la kinasaba, kikawa kinaua. Eneo hilo ndilo linaloamua kama kirusi kitaishia kwenye koo na utumbo au kitasambaa mwili mzima hadi ubongoni, shingo ikapinda.

Chanjo ya zamani bado inafaa?

Inafaa. LaSota ilitokana na kirusi cha Marekani cha miaka ya 1940, cha kundi la pili la kinasaba. Vinavyoua kuku wetu ni vya makundi mengine: la tano limeonekana Kenya, Uganda na Tanzania, na Tanzania pia la saba na la kumi na tatu. Hata hivyo kinga ya chanjo huvitambua vyote, kwa hiyo kuku aliyechanjwa vizuri kwa kawaida hafi.

Shida ni kwamba hafi lakini anaweza kuambukizwa. Anadonoa, anataga, huku kinyesi na makamasi yake yakitoa virusi, japo vichache kuliko vya asiyechanjwa. Majaribio yameonyesha kuwa chanjo iliyotengenezwa kwa kundi linalofanana na kirusi kilichopo hupunguza zaidi utoaji huo. Kundi la kuku lenye kinga nusunusu ndilo linalokipa kirusi muda wa kuzunguka na kuendelea kubadilika.

Kwa hiyo nifanye nini?

Chanja wote siku moja, jogoo hadi kifaranga. Kwa I-2, chanjo nyingine hai ya mdondo, tone moja katika jicho moja linatosha kwa umri wowote. Usimwachie kuku mpaka tone lizame. Rudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuku wa mnadani akae peke yake kwanza. Na wakianza kuharisha kijani, tafadhali usikimbize waliobaki sokoni: hivyo ndivyo mdondo unavyopanda basi. Mwite mtaalamu wa mifugo achukue sampuli.

Jicho langu limekuwa jekundu baada ya kuchanja.

Virusi vya mdondo, hata vya chanjo hai, vinaweza kuwasha jicho la binadamu. Kwa kawaida jicho hupona lenyewe baada ya siku chache. Likizidi kuuma au ukiona ukungu, nenda kituo cha afya. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kujigusa usoni.