Bati moja, mapipa mawili: tunavyokosea eneo na ujazo

"Bati ni lile lile, kwa hiyo pipa litachukua maji yale yale." Ukizungumza habari za mapipa na mafundi bati wa Katwe, Kampala, usishangae kuisikia kauli hii. Inaonekana haina kosa, na ndiyo maana inawanasa hata waliosoma.

Chukua bati bapa la futi 8 kwa 4, karibu mita 2.4 kwa 1.2. Likunje upande mrefu uwe mzingo: unapata pipa fupi nene, kimo chake mita 1.2. Lifungue, ulikunje kwa upande wa pili: sasa ni jembamba, kimo mita 2.4. Eneo la ubavu halijabadilika, ni mita za mraba 2.88. Lakini pipa nene linachukua lita 550 hivi, na lile jembamba lita 275 tu. Kwa jerikeni za lita 20, moja linajaza 27 na ushei, jingine 13 na ushei.

Ujazo wa silinda ni pai (karibu 3.14) mara nusukipenyo mara nusukipenyo tena, kisha mara kimo. Kimo kinaingia mara moja, nusukipenyo mara mbili. Mzingo ukipungua kwa nusu, kitako kinabaki robo; kimo kikiongezeka maradufu kinakomboa sehemu tu ya kilichopotea. (Sijahesabu bati la kitako, na pipa nene linataka kubwa zaidi. Mteja huweza kulisahau hilo, fundi hasahau.)

Dhana ya pili ni ndugu ya kwanza: ukiongeza vipimo vyote vya tangi maradufu, maji nayo yanaongezeka maradufu. Tangi la mchemraba lenye mita 1 kila upande linachukua lita 1,000, yaani jerikeni 50. Lifanye mita 2 kila upande: lita 8,000, jerikeni 400. Mara nane! Eneo la nje limepanda mara nne tu, kutoka mita za mraba 6 hadi 24. Kwa hiyo kila lita ya tangi kubwa inafunikwa na eneo dogo zaidi kuliko lita ya tangi dogo.

Kuna na wanaosema mita ya ujazo ina sentimita za ujazo 100, kwa kuwa mita ina sentimita 100. Ni milioni moja: mia mara mia mara mia.

Kisha kuna umbo la kofia yenye ncha, liitwalo pia au koni. Wengi huapa kwamba ni nusu ya silinda yenye kitako na kimo sawa nayo. Macho yanadanganya, ni theluthi. Usiniamini mimi: kunja karatasi uwe na pia na silinda zenye kitako na kimo sawa, ijaze ile pia mchele, mimina ndani ya silinda. Utamimina mara tatu. Tufe nalo ni theluthi mbili ya silinda inayolibana pande zote. Hilo alilithibitisha Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na Cicero, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba alilitambua kaburi la Archimedes kwa umbo la tufe na silinda lililokuwa juu yake.

Umbo la pia ndilo la paa la msonge, nyumba za duara tunazoziona Gulu na Arua, na hapo kosa linauma. Nguzo ya katikati inapimwa, kisha kimo hicho kinatumika kukadiria nyasi. Lakini nyasi hazilali kwenye nguzo, zinalala kwenye mteremko. Kimo cha wima ni cha ujazo. Eneo la paa linataka urefu wa mteremko. Paa lenye nusukipenyo ya mita 3 na kimo cha mita 4 lina mteremko wa mita 5, hivyo eneo lake ni pai mara 3 mara 5, karibu mita za mraba 47. Aliyetumia kimo ataleta nyasi za mita za mraba 37.7, na mvua itaingia kupitia mita za mraba tisa zilizobaki wazi.