Nia ovu si chuki

Mwulize mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza nia ovu ni nini, ile inayotenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, atakujibu upesi: ni chuki. Mtu kamchukia mwenzake, kapanga, kamwua. Jibu hilo humpotezea alama, lakini simlaumu sana, maneno yenyewe yanamponza. "Ovu" linamfanya awaze roho mbaya. "Kuua kwa kukusudia" linamfanya adhani lazima mshtakiwa awe alikusudia kifo.

Kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hakisemi hivyo. Kinataja hali nne, na ikithibitika moja tu, nia ovu ipo. Ya kwanza ni kukusudia kumwua mtu au kumdhuru vibaya. Isome tena hiyo "au". Aliyetaka kumvunja mwenzake mbavu tu, mwenzake akafa, yumo. Na ukimlenga Juma, jiwe likampata Hamisi, bado umo. Hali ya pili ndiyo inayozua ubishi darasani: kujua kwamba kitendo chako yaelekea kitaua au kujeruhi vibaya, hata kama hujali, hata kama moyoni unaomba kisiue. Anayeitia moto nyumba ya makuti usiku, akijua ndani kuna watu wamelala, hasaidiwi na dua. Mbili zilizobaki ni kukusudia kutenda kosa lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka mitatu, na kukusudia kumsaidia mhalifu kutoroka.

Wahadhiri huyaita haya yote mens rea, yaani hali ya akili yenye hatia, ila Kilatini hicho hukikuti ndani ya Kanuni yenyewe. Kanuni ya Tanganyika ya 1930 ilirithi mengi kutoka ile ya Queensland, Australia, ya 1899, na mwandishi wa hiyo ya Queensland, Samuel Griffith, alikusudia kuachana na msamiati huo.

Sasa nani ataingia kichwani mwa mshtakiwa aone alichonuia? Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Na. 150 ya 1994, ilionyesha pa kutazama: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshtakiwa, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio.

Tuseme watu wamegombana kilabuni. Mmoja anaokota fimbo, anamchapa mwenzake pajani mara moja. Akiona hali si nzuri anampakia kwenye baiskeli, anamkimbiza zahanati. Kesho yake mgonjwa anafariki. Kilabu kingine, ugomvi uleule: huyu anakwenda kwanza nyumbani, anarudi na panga, anasema "leo utanitambua", anamkata mwenzake kichwani mara tatu, kisha anatokomea. Maiti ni moja huku na moja kule. Lakini wa kwanza ana nafasi nzuri ya kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia tu, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha ila jaji anaweza kuishusha sana. Wa pili anasubiriwa na kifungu cha 197, cha adhabu ya kuua kwa kukusudia, na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo.

Kuna jambo moja bado: sababu. Kifungu cha 10 kinasema sababu iliyomsukuma mtu haihesabiki, isipokuwa sheria yenyewe iseme vinginevyo. Mtoto anayemnywesha sumu mama yake mgonjwa ili ampunguzie mateso ana mapenzi tele, na nia ovu anayo. Kinyume chake, chukua mtu aliyemchukia jirani yake miaka kumi, kijiji kizima kinajua. Siku moja breki za gari lake, alilolikagua asubuhi ileile, zinakatika mteremkoni, gari linamgonga jirani huyohuyo na kumwua. Chuki ipo, maiti ipo, nia ovu haipo. Matangani watasema wanayosema.