Boneti, ukucha na dawa ya meno: tunavyodanganyana kuhusu mikwaruzo ya gari

Gari likishaoshwa na kuegeshwa kivulini, kila mtu analiona jipya. Litoe juani saa nne asubuhi halafu inama kidogo usawa wa boneti. Utaona utando wa buibui umelizunguka jua, nyuzi nyembamba mamia kwa mamia. Gari jeusi ndilo linaloumbuka zaidi. Jeupe nalo linao, ila linajua kuficha. Hapa Arusha ukiuliza ufanyeje, utapewa majibu matano kabla hujafunga mlango, na manne kati ya hayo mimi nimeshayajaribu kwenye gari langu mwenyewe.

"Nyuzi zinazunguka, basi ni mashine ya fundi iliyozichora."

Mashine mbovu ya kung'arishia huacha alama zake, sikatai. Lakini huo utando wa buibui kwa kawaida hauzunguki kabisa. Mikwaruzo imelala kila upande, hovyo hovyo, na jicho linakamata ile tu inayorudisha mwanga kwako. Jaribu usiku: washa tochi ya simu juu ya boneti, isogeze taratibu. Duara litahama pamoja na tochi.

Aliyeichora ni kitambaa. Vumbi letu si unga wa ngano. Udongo wa huku chini ya Meru umetokana na volkano, na ule mwekundu wa Moshi nao una chembe ngumu kuliko rangi ya gari. Sasa mtazame kijana anayeosha: ndoo moja, kitambaa kimoja. Anaanza na rimu, anachovya, anapanda mlangoni, anachovya, anamalizia na boneti. Maji ya ndoo yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo umelipia kuoshwa na umepigwa msasa bure.

Mbaya kuliko huyo ni sisi wenyewe na dasta kavu. Asubuhi kabla ya kupeleka watoto shule, mtu anapangusa vumbi la usiku kucha, fyu fyu, gari linang'aa, anaondoka anajisikia vizuri. Najua gari chafu linatia aibu, hasa Jumapili. Lakini kama mgao wa maji umekukamata, liache na vumbi lake. Maji yakirudi, limwagie kwanza mengi kuanzia juu bila kuligusa, vumbi literemke lenyewe. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, na rimu ziwe na kitambaa chao ambacho hakipandi juu hata siku moja. Sabuni ya unga ambayo haijayeyuka vizuri nayo inakwaruza.

"Dawa ya meno inafuta mkwaruzo."

Hii niliiamini. Nilikuwa na mkwaruzo karibu na kitasa cha mlango wa dereva, nikapaka, nikasugua kwa fulana ya zamani, ukapotea. Nikamwita mke wangu aje aone. Baada ya kuosha gari mara mbili mkwaruzo ulikuwa palepale, na safari hii umezungukwa na doa lililofifia, ukubwa wa kiganja.

Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, ila zimetengenezwa kwa ajili ya jino, na jino ni gumu kuliko rangi ya gari. Kwa hiyo chembe zile zilinifubazia pale pote, na ule weupe wake ukaziba mfereji wa mkwaruzo kwa siku chache.

"Rabingi inajaza mkwaruzo."

Hapa ndipo penye shina la mambo, kwa sababu watu wengi, pamoja na baadhi ya mafundi, wanaongea kana kwamba rabingi, ile dawa ya kusugulia rangi, ni puti ya kuzibia mashimo.

Rangi ya gari ina matabaka. Chini kabisa praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile inayong'aa kama kioo. Klia ya kiwandani huwa na mikroni 35 hadi 50 hivi. Unywele wako una kama 70. Yaani kitu kizima unachokiona kinameremeta ni chembamba kuliko unywele mmoja. Mkwaruzo ni mfereji kwenye klia hiyo, na rabingi haiujazi. Inachofanya ni kukwangua klia ya pembeni mpaka ishuke usawa wa mfereji. Kila ukisugua kwa nguvu, mikroni kadhaa zinakwenda na hazirudi.

Ndiyo maana mimi naogopa gari linalong'aa kupita kiasi siku linaposhushwa kutoka Japani. Hujui limeshasuguliwa mara ngapi kabla halijakufikia.

Kuna jambo jingine linalowashtua watu. Toyota nyingi nyeupe zenye namba ya rangi 040 (namba hiyo utaikuta kwenye kibati cha chasisi chini ya boneti) zilipakwa rangi moja bila klia. Ukisugua, kitambaa kinageuka cheupe. Hujaharibu kitu, ila ujue unachokitoa ni rangi yenyewe.

Basi kabla ya dawa yoyote, pitisha ukucha taratibu kuukata mkwaruzo. Ukiteleza bila kunasa, rabingi laini na kitambaa cha maikrofaiba vinaweza kuuondoa: gari lioshwe, liwe baridi, liwe kivulini, na uanze na sehemu ndogo kama daftari ili uone kabla hujajitosa. Michirizi mingi ya miiba ya mgunga ni ya aina hii, mirefu na ya kutisha lakini ya juujuu. Wanaotunza magari ya safari wanaijua. Ukucha ukinasa, acha kusugua. Ukiona kijivu cha praima au bati, peleka namba ya rangi kwa fundi rangi akuchanganyie kidogo, upake kwa brashi nyembamba kabla mvua za masika hazijaleta kutu.

"Grinda ni ileile, badilisha pedi tu."

Grinda ndogo ya kukatia chuma inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya kung'arishia rangi hufanya kazi kati ya 600 na 3,000. Nilisimama gereji moja Moshi nikaona pedi ya grinda ikipita kwenye ukingo wa boneti. Fundi alikuwa anaongea na simu. Sekunde chache tu, ukatokea mstari wa kijivu, upana wa kidole. Mwenye gari alikuwa amekwenda kunywa chai.

"Mafuta yanatosha."

Ya nazi, ya taa, dizeli iliyochanganywa na maji, yote yanafanya jambo moja: yanalowesha mifereji isionekane, halafu yanakusanya vumbi lote la njiani. Waksi ni ndugu yao mstaarabu. Inalinda, lakini haifuti. Na ile kinga ya seramiki wanayosema haikwaruziki ni tabaka jembamba mno. Mwiba hauna habari nayo, dasta pia.

Ukirudishiwa gari kutoka kwa fundi linang'aa kama kioo, osha mlango mmoja kwa sabuni ya vyombo mara mbili, ukaushe, uutazame juani. Kama utando umerudi, ulilipia mafuta.

Ule wa kwangu karibu na kitasa upo mpaka leo. Ukucha unanasa.